Maisha ya Daktari John Shaw Billings, Mtengenezaji wa Orodha Kubwa
Na Msaidizi wa Maktaba, Kidato cha Tano

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mashujaa wa vita, wavumbuzi wa dawa, na watu waliosafiri nchi za mbali. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa kutengeneza orodha. Najua wengine watacheka, maana orodha twazijua sote: orodha ya mahudhurio, orodha ya vitu vya dukani, orodha ya waliofaulu mtihani. Lakini namwomba msomaji awe na subira. Orodha ya mtu huyu iliwasaidia madaktari wa dunia nzima, na mpaka leo kuna wagonjwa wanaopona kwa sababu yake, ingawa hawajapata kusikia jina lake.

Mtu huyo ni Daktari John Shaw Billings wa Marekani, aliyekufa mwaka wa 1913.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Billings alizaliwa tarehe 12 Aprili 1838 katika wilaya iitwayo Switzerland, jimbo la Indiana. Msomaji asidhani kwamba ni nchi ya Uswisi. Ni wilaya ya Marekani iliyopewa jina hilo kwa ajili ya wahamiaji wa Kiswisi waliokwenda kupanda mizabibu huko. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Kijana alipenda kusoma kupita kiasi, na kila alipokutana na neno asilolijua hakutulia mpaka amelipata. Kilatini alijifundisha kwa kamusi na vitabu vichache, maana alisikia kwamba pasipo Kilatini hawezi kuingia chuo.

Alipotaka kwenda chuoni alifanya mapatano na baba yake. Baba atamsaidia kulipa gharama za masomo, naye kijana hatadai urithi wowote. Fungu lake lote litakuwa la dada yake. Kwa mapatano hayo aliingia Chuo cha Miami katika mji wa Oxford, jimbo la Ohio, akamaliza mwaka wa 1857. Kisha akaenda kusoma utabibu katika mji wa Cincinnati.

Huko Cincinnati aliona taabu. Alipata mahali pa kulala hospitalini, naye akatunza chumba cha kupasulia maiti ili apate cha kujilipia. Kipupwe kimoja aliishi kwa senti 75 kwa juma, na chakula chake kikubwa kilikuwa maziwa na mayai. Baadaye maishani alisema kwamba taabu ile iliudhuru mwili wake kwa miaka mingi. Lakini hakuacha masomo, na mwaka wa 1860 akawa daktari.

Tasnifu iliyomtia taabu

Kabla ya kupewa shahada, desturi ya chuo ilimtaka kila mwanafunzi aandike tasnifu. Billings alichagua habari ya kutibu kifafa kwa kupasua. Siku zile wako madaktari waliofungua fuvu la mgonjwa wa kifafa wakitumaini kumponya. Kijana alitaka kujua jambo moja la haki kabisa: wagonjwa wangapi wamepasuliwa hivyo, na kati yao wangapi wamepona na wangapi wamekufa? Daktari asiyejua jibu la swali hilo anawezaje kumshauri mgonjwa alale mezani apasuliwe?

Majibu yalikuwako. Madaktari wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani walikuwa wameandika habari za wagonjwa wao katika majarida. Lakini habari hizo zilikuwa zimetawanyika, hapa ukurasa mmoja, pale kurasa mbili, ndani ya majarida ya miaka mingi. Billings alipekua maktaba zote za Cincinnati, za watu wote na za watu binafsi, akaandika barua Philadelphia, New York na kwingineko. Kazi hiyo ilimchukua karibu miezi sita.

Mwishowe alitambua mambo matatu, wala hakuyasahau mpaka uzee wake. La kwanza, vitabu na majarida ya utabibu duniani yalikuwa yamekwisha kuwa zaidi ya 100,000. La pili, kutafuta habari ndani yake ilikuwa kazi ya kuchosha sana, maana vingi havikuwa na faharasa iliyo nzuri, na mara nyingi kichwa cha makala hakikuonyesha yaliyomo ndani. La tatu, katika Marekani yote hapakuwa na maktaba hata moja ambamo mwanafunzi wa utabibu angeweza kuona sehemu kubwa ya maandiko hayo.

Mtu mwingine angemaliza tasnifu yake na kusahau mashaka yale. Yeye aliyaweka moyoni.

Vitani

Mwaka wa 1861 Wamarekani walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kaskazini na majimbo ya kusini. Billings alifanya mtihani wa madaktari wa jeshi la kaskazini akawa wa kwanza, akaingia kazini mwaka wa 1862. Mwaka huo huo alimwoa Katharine Stevens.

Alikuwako kwenye mapigano ya Chancellorsville mwezi wa Mei 1863, na ya Gettysburg mwezi wa Julai. Huko Gettysburg alishika nyumba ya mawe na ghala lake akazifanya hospitali, akapasua majeruhi mchana na usiku mpaka akachoka hoi. Wakati ule madaktari hawakujua bado kwamba vijidudu ndivyo vinavyoozesha vidonda. Walitumia visu vile vile kwa mtu huyu na yule, na wengi waliookoka risasi walikufa kwa usaha na homa. Mwishoni mwa mwaka wa 1864 Billings alihamishwa Washington, kwenye ofisi ya Daktari Mkuu wa Jeshi.

Anapewa maktaba

Ofisi ile ilikuwa na rafu za vitabu vilivyoanza kukusanywa mwaka wa 1836 kwa matumizi ya madaktari wa jeshi. Vita vilipokwisha mwaka wa 1865, vitabu havikuzidi 2,500. Billings alikabidhiwa maktaba hiyo ndogo pamoja na kazi nyingine nyingi za ofisi. Hapakuwa na aliyetazamia makubwa.

Ikatokea bahati. Hospitali za jeshi zilipofungwa, kulibaki fedha kiasi cha dola 80,000 ambazo hazikuwa na kazi tena, nazo zikaruhusiwa kutumika kwa maktaba. Billings alinunua vitabu kwa busara. Fedha hazikutosha, akageuka kuwa mwombaji. Aliwaandikia madaktari, wahariri wa majarida na mabalozi wadogo wa Marekani katika nchi za nje, akiwaomba wasitupe kitu. Ripoti ya hospitali, nakala ya zamani ya jarida, kijitabu cha kurasa chache, vyote alivitaka. Mwenye nakala mbili za jarida alibadilishana naye kwa jarida jingine. Jarida lililopungukiwa na toleo moja alilifuatilia kwa miaka, mpaka limetimia.

Maktaba ilipokua ilihamishiwa katika jengo la Ford mjini Washington. Hilo ndilo jumba la michezo alimopigwa risasi Rais Abraham Lincoln mwezi wa Aprili 1865. Baada ya msiba ule serikali ililichukua, na humo Billings akapanga majarida yake. Mwaka wa 1887 maktaba ilipata jengo lake jipya. Billings alipoiacha mwaka wa 1895, vitabu vilikuwa vimepita 100,000, na vijitabu vilikuwa vingi kuliko hivyo.

Orodha yenyewe

Sasa nafika kwenye kiini cha habari yangu. Billings alijua kwamba kukusanya vitabu peke yake hakutoshi. Hata kama majarida yote ya dunia yangekuwa ndani ya nyumba moja, daktari wa kijijini angefanyaje kupata ukurasa mmoja anaouhitaji? Ndipo akaamua kutengeneza orodha ambayo haitaishia kwenye majina ya vitabu na majarida, bali itaingia ndani ya kila jarida na kutaja kila makala yenye maana, kwa jina la mwandishi na kwa habari inayozungumzwa.

Kazi ilifanywa hivi. Majarida yalifika kwa posta kutoka nchi nyingi na kwa lugha nyingi. Billings alipitia kila moja na kutia alama ya penseli kwenye makala zilizostahili kuorodheshwa. Mchana alikuwa na shughuli za ofisi, kwa hiyo majarida yalipelekwa nyumbani kwake kwa mkokoteni, naye akayatia alama usiku. Asubuhi makarani waliyachukua na kunakili kila makala iliyotiwa alama katika kadi yake peke yake. Kisha kadi zikapangwa kwa alfabeti.

Uzuri wa kadi ni huu: ukiandika orodha katika daftari, makala mpya ya kesho haina mahali pa kuingia, ila mwishoni. Lakini kadi unaichomeka popote inapostahili, leo au baada ya miaka kumi, wala mpango hauharibiki. Na makala moja yaweza kuwa na kadi mbili au tatu. Tuseme daktari fulani ameandika juu ya homa ya manjano bandarini. Kadi moja itakaa chini ya jina lake, nyingine chini ya Homa ya Manjano, na nyingine chini ya Bandari. Anayetafuta kwa mlango wowote atafika.

Mwaka wa 1876 Billings alichapa sehemu ndogo ya orodha ili madaktari waione na kutoa maoni yao. Waliipenda, wakasaidia kuliomba Bunge la Marekani litoe fedha za kuchapa yote. Buku la kwanza lilitoka mwaka wa 1880. Lilikuwa kubwa, zito, nalo lilianzia herufi A na kuishia njiani katika herufi B. Hapo msomaji apime mwenyewe urefu wa safari iliyobaki. Mabuku yaliendelea kutoka, karibu moja kila mwaka, mpaka buku la 16 mwaka wa 1895. Ndani ya mabuku hayo mlikuwa na makala za majarida zaidi ya 500,000.

Lakini palikuwa na kasoro moja. Orodha iliyokwenda kwa alfabeti ilichukua miaka kuzunguka. Ugonjwa ambao herufi yake imekwisha kupita ungengoja muda mrefu kabla makala zake mpya hazijatajwa. Kwa hiyo mwaka wa 1879 Billings na rafiki yake Daktari Robert Fletcher, mzaliwa wa Bristol huko Uingereza, walianzisha jarida la kila mwezi lililoitwa Index Medicus. Kazi yake ilikuwa kutaja makala mpya za utabibu za mwezi ule, zikiwa zimepangwa kwa habari zake. Jarida hilo halikuleta faida ya fedha. Lilisimama mwaka wa 1899 kwa kukosa wanunuzi wa kutosha, likafufuliwa mwaka wa 1903 kwa msaada wa Taasisi ya Carnegie ya Washington.

Daktari William Welch, mmoja wa walimu wakubwa wa utabibu wa zama zile, aliihesabu orodha ya Billings kuwa mchango mkubwa kupita mingine yote ambayo Marekani iliutolea utabibu. Mtu aweza kushangaa kwamba orodha imetajwa mbele ya dawa na upasuaji. Lakini fikiri: daktari mmoja katika mji mdogo anakutana na ugonjwa asioufahamu. Mwenzake wa nchi nyingine amekwisha kuutibu na kuandika alichokiona. Pasipo orodha, wawili hao hawatakutana kamwe, na mgonjwa ndiye atakayelipa.

Hesabu ya watu na kadi za matundu

Mwaka wa 1880 Marekani ilihesabu watu wake, na Billings akapewa kazi ya kusimamia hesabu za waliozaliwa na waliokufa. Makarani walihesabu kwa mkono, wakichora vijistari kwenye karatasi kubwa, siku nenda siku rudi. Katika ofisi hiyo alikuwamo kijana mhandisi aitwaye Herman Hollerith. Jioni moja walipokuwa wakila pamoja, Billings alimwambia kijana kwamba kazi kama ile ingefaa kufanywa na mashine, na kwamba habari za kila mtu zingeweza kuonyeshwa kwa matundu katika kadi.

Hollerith alilishika wazo hilo na kulifanyia kazi kwa miaka. Baadaye alimwendea Billings akamwalika washirikiane. Billings alikataa, akasema haja yake ilikuwa kuona tatizo limepata ufumbuzi, basi. Mashine za Hollerith zilitumika katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1890, ambapo Marekani ilionekana kuwa na watu zaidi ya milioni 62. Karani alitoboa kadi mahali panapoonyesha umri, mahali pengine kazi, pengine nchi aliyozaliwa mtu. Kadi ilipowekwa chini ya mashine, sindano za chuma zilipita penye matundu tu, umeme ukapita, na mshale wa kuhesabia ukasogea mara moja.

Kampuni aliyoianzisha Hollerith mwaka wa 1896 iliungana na nyingine mwaka wa 1911, na mwaka wa 1924 muungano huo ukaitwa IBM. Jina hilo kila mwanafunzi wa kompyuta analijua. Kwa miaka mingi kompyuta zenyewe zililishwa habari kwa kadi za matundu.

Hospitali na maktaba ya New York

Kazi nyingine za Billings nazitaja kwa ufupi. Yeye ndiye aliyechora mpango wa Hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, iliyofunguliwa mwaka wa 1889, akiangalia sana hewa safi na kutenga wagonjwa. Yeye pia alishiriki kuwachagua madaktari wake. Husimuliwa kwamba alimwendea Daktari William Osler chumbani kwake huko Philadelphia, na kabla ya kuketi akamwuliza kama atakubali kuongoza idara ya tiba. Osler akakubali. Billings akamwelekeza kwa Welch kwa mambo yaliyobaki, akaaga, akaenda zake. Mazungumzo yote hayakupita dakika chache. Ndivyo alivyokuwa, mtu mrefu, mkavu wa maneno, asiyependa kupoteza wakati.

Alipostaafu jeshini mwaka wa 1895, madaktari wa Marekani na Uingereza walimfanyia karamu wakampa zawadi ya dola 10,000. Wengi walidhani atapumzika. Badala yake mwaka wa 1896 akawa mkuu wa Maktaba ya Umma ya New York, iliyokuwa imeundwa kwa kuunganisha maktaba mbili na urithi wa tajiri mmoja. Alichora kwa penseli, juu ya kipande kidogo cha karatasi, mpango wa jengo jipya: ghala la vitabu chini, na ukumbi mkubwa wa kusomea juu yake, ili kitabu kimfikie msomaji upesi. Mwaka wa 1901 tajiri Andrew Carnegie alikubali kutoa dola milioni 5.2 kwa kujenga maktaba ndogo katika mitaa ya jiji. Jengo kubwa lilifunguliwa mwezi wa Mei 1911.

Mke wake alikufa mwaka wa 1912. Yeye mwenyewe alifuata tarehe 11 Machi 1913, baada ya kupasuliwa hospitalini New York, akiwa na umri wa miaka 74. Alizikwa katika makaburi ya Arlington pamoja na askari wa nchi yake.

Yaliyofuata baada ya kufa kwake

Maktaba aliyoikuza iliendelea kukua, na mwaka wa 1956 ikaitwa Maktaba ya Taifa ya Utabibu. Majarida nayo yaliongezeka hata makarani wakashindwa. Hapo ndipo kazi mbili za Billings zilipokutana, orodha ya makala kwa upande mmoja na mashine kwa upande wa pili. Mwaka wa 1964 kompyuta ilianza kutumika kupanga Index Medicus. Mwaka wa 1971 madaktari walio mbali waliweza kuiuliza kompyuta ya maktaba kwa njia ya waya wa simu. Mwaka wa 1997 orodha yote ilifunguliwa bure kwa watu wote katika intaneti, kwa jina la PubMed, na leo ina makala zaidi ya milioni 30. Jarida la karatasi halikuwa na haja tena. Lilikoma mwisho wa mwaka wa 2004.

Basi siku hizi tabibu aliye Kigoma au Lodwar, akiwa na simu na mtandao, aweza kuuliza lile lile swali la kijana wa Cincinnati juu ya kifafa, akapata majina ya makala kabla chai yake haijapoa. Kazi ya miezi sita imekuwa ya dakika moja.

Hata hivyo nataka kuwakumbusha wenzangu jambo moja. Orodha humwonyesha mtu mahali makala ilipo. Haimwambii kama makala ni ya kweli. Billings alisoma kwanza ndipo akatia alama yake. Sisi tunaoandika neno moja kwenye simu na kunakili jibu la kwanza linalotokea, tumechukua nusu ya kazi yake na kuiacha nusu nyingine.

Kabati letu

Pengine msomaji atauliza kwa nini nimemchagua mtu huyu kwa gazeti la muhula huu. Nitamjibu. Katika maktaba yetu liko kabati lenye majarida ya zamani: ya kilimo, ya sayansi, ya kompyuta, na matoleo ya gazeti hili hili la shule tangu wazazi wetu wengine walipokuwa wanafunzi hapa. Mengi ya hayo hayamo katika intaneti, wala hakuna mashine itakayoyajua mpaka mtu ameyaandika.

Muhula uliopita alikuja mzee mmoja aliyesoma hapa zamani. Alitaka kumwonyesha mjukuu wake insha aliyoandika juu ya kuchimbwa kwa kisima cha shule. Mwaka hakuukumbuka vizuri. Tulimkaribisha kiti, tukafungua toleo baada ya toleo tangu saa nne mpaka kengele ya chakula, wala hatukuiona. Alitushukuru kwa upole, akashika mkono wa mjukuu wake wakaenda kuwahi basi. Insha hiyo imo kabatini, kwa kuwa hakuna toleo lililopotea. Ila sisi hatujui iko ukurasa gani.

Kwa hiyo wanafunzi wanne wa maktaba tumeanza. Kila makala twaiandikia kadi: jina la mwandishi, kichwa cha makala, jina la jarida, mwezi na mwaka, ukurasa, na habari inayohusu. Tumekwisha kumaliza matoleo kumi na moja ya gazeti la shule, na kadi zimejaa kisanduku kimoja cha viatu. Mwalimu wa kompyuta ameahidi kwamba kadi zikikamilika ataonyesha jinsi ya kuziingiza katika mashine, ili mtu aandike neno kama kisima, mahindi au kifafa, na kompyuta imtajie kurasa zote.

Kazi ni nyingi kuliko mikono yetu. Tunawaomba wanafunzi wa vidato vyote waje maktaba siku ya Jumatano baada ya masomo, kila mmoja achukue jarida moja tu. Wazazi walio na matoleo ya zamani nyumbani, hasa yaliyochapwa miaka ya mwanzo ya shule, tunawaomba watuazime tuyaorodheshe na kuyarudisha salama. Haba na haba hujaza kibaba. Na kadi ya kisima ikipatikana, anwani ya yule mzee tunayo.